Filamu za Kanumba ziko wapi?

Najua nimekuwa adimu kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana kweli kweli. Leo nimepata upenyo, nikasema hapana, hili lililonikaa moyoni nilitoe.

Iko hivi. Jumapili ya wiki mbili zilizopita nilikwenda Tandika kumsalimia shangazi. Nyie wa Temeke mnanielewa, ukikaa miezi mitatu bila kuonekana kwa shangazi utasikia maneno. Nikamkuta na wajukuu zake wawili, wote macho kwenye simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Baba, hawa watoto hawamjui Kanumba. Hebu niletee ile Uncle JJ waione. Wewe si mtu wa habari?" Nikacheka. Nikamwambia, shangazi, hiyo kazi ndogo, kesho kutwa iko hapa.

Jamani, hiyo kazi ndogo imenitoa jasho!

Nilianza pale pale Tandika kwa kijana anayejazia watu muvi kwenye flashi. Nilipomtajia jina akaniangalia kama nimemuulizia kandili. "Kaka, hizo za kitambo, hakuna anayeuliza. Nina za Kikorea zimetafsiriwa, nikuwekee?" Nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Maduka ninayoyakumbuka yakiwa yamebandikwa kava za Bongo muvi kutoka sakafuni mpaka darini, sasa yamejaa chaja na spika. Nikaenda Kinondoni kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la kukodisha kanda. Mzee akasema alipofunga duka, CD zilizobaki aliwapa watoto wa mtaani wakachezea. Mwishowe nikarudi kwenye YouTube kama kila mtu. Huko nikakuta vipande vilivyopandishwa na watu wasiojulikana, picha imekatwa vichwa, sauti inakoroma, na kabla mambo hayajaisha... kwisha habari yake!

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ndilo kichwa cha habari cha leo.

Kwa wale vijana wadogo, ngoja niwape historia kidogo. Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alipokuja Dar akajiunga na kikundi cha Kaole mwaka 2002, wakati ule michezo ya Kaole ikirushwa ITV na mitaa yote inatulia jioni. Tukumbuke Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kumwona mtu wa Sinza au Magomeni kwenye kioo, anaongea Kiswahili cha kwetu, ilikuwa bado ni jambo la kushangaza. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, iliyowaweka wasanii wa Bongo Fleva kwenye filamu. Mussa Banzi naye akatutisha na Nsyuka mpaka watu wakaogopa kwenda chooni usiku. Vijana wa Kaole wakaona kumbe inawezekana kuachana na kipindi cha dakika chache na kutengeneza filamu nzima ya kuuza.

Kanumba alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2006 akatokea kwenye Dar 2 Lagos, kazi ya kampuni ya Mtitu Game iliyowakutanisha Watanzania na Wanigeria. Baadaye akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great. Hapo akawa mwandishi wa hadithi, mwigizaji, mwongozaji na mtoa pesa. Mwaka 2011 akamleta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Tarehe 7 Aprili 2012 akafariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28 tu. Siku ya kumuaga pale Leaders Club, na baadaye makaburi ya Kinondoni, mliokuwepo mnajua. Mimi sijawahi kuona jiji hili likimlilia msanii namna ile.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, halafu tutarudi Tandika. Vumilieni.

Kuna bwana mmoja anaitwa Oscar Micheaux (tamka Mishoo). Alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 katika mji mdogo wa Metropolis, jimbo la Illinois. Angalieni tarehe hizo vizuri. Kati ya kuzaliwa kwake na kuzaliwa kwa Kanumba ni miaka 100 na siku sita! Baba yake alizaliwa mtumwa. Micheaux mwenyewe alifanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya treni, akadunduliza, akanunua shamba South Dakota, akaandika vitabu kuhusu maisha yake na kuviuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kampuni moja ya filamu ya watu weusi ilipotaka kukigeuza kitabu chake The Homesteader kuwa filamu, akasema sawa, ila nitaiongoza mimi. Wakakataa. Akaanzisha kampuni yake, akauza hisa kwa wakulima aliokuwa akiwauzia vitabu, na mwaka 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mmarekani mweusi.

Baada ya hapo akatengeneza filamu zaidi ya 40 mpaka mwaka 1948, karibu zote kwa pesa ya kuokoteza. Alipiga picha kwenye nyumba za marafiki. Mwigizaji akikosea maneno, mara nyingi kosa lilibaki hivyo hivyo kwa sababu kurudia ni gharama. Alizunguka na picha za filamu ambayo hata haijatengenezwa, akiwaomba wenye majumba ya sinema ya watu weusi walipie mapema ili apate pesa ya kuitengeneza. Mwaka 1928 alifilisika, akainuka tena. Wasomi wengi wa wakati wake, weusi kwa weupe, walimwona mtu wa kubabaisha.

Si mnaona ninakokwenda?

Bongo muvi nayo ilizaliwa kwa kuokoteza. Hakuna benki iliyokuwa inakopesha mtu aseme anakwenda kutengeneza filamu. Majumba ya sinema ya zamani ya mjini mengi yalikuwa yameshakufa, na pale ilipokuwa Drive-In ya Msasani pakajengwa ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo kijana wa Sinza angeonyeshea wapi? Soko lilikuwa moja tu, kanda na baadaye CD, zinazouzwa Kariakoo na kusambazwa mikoani. Filamu ilipigwa kwa siku chache, kwenye sebule ya kuazima na gari la kuazima. Ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzike mara mbili. Jina likawekwa la Kiingereza ili ivutie, na chini yake maandishi ya Kiingereza ambayo sisi tuliopita chuo tulikuwa tunayasoma kwa sauti ili tucheke.

Ndiyo, nasema sisi. Mimi nilikuwemo. Tulikuwa tunakaa kwenye kibaraza cha hosteli tunashindana nani amekuta kosa kubwa zaidi. Kanumba alipoalikwa kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, sisi wasomi tulichojadili kwenye mitandao kilikuwa nini? Kiingereza chake! Mtu ametoka Shinyanga, ametengeneza ajira kwa vijana wenzake, filamu zake zinaangaliwa Bujumbura na Goma, na sisi tunahesabu vitenzi.

Turudi kwa Micheaux, maana hapa ndipo penye fundisho. Alifariki mwaka 1951 bila watu wengi kustuka. Filamu zake zilikuwa zimetawanyika, nyingine zimeoza, nyingine zimetupwa. Hiyo The Homesteader ya kwanza kabisa haipo mpaka leo. Katika zile zisizo na sauti, zimebaki tatu tu. Mojawapo ni Within Our Gates ya mwaka 1920, ambayo kwa miaka mingi watu waliamini imepotea, mpaka nakala ikaonekana Hispania ikiwa na jina la Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaifanyia marekebisho na kuitoa upya mwaka 1993. Nyingine ilipatikana Ubelgiji. Wakati huo huo Wamarekani wakawa wamezinduka. Mwaka 1987 wakampa nyota yake kwenye njia ya mastaa Hollywood, na mwaka 2010 posta yao ikamtoa kwenye stempu.

Leo wanafunzi wa vyuo vikuu wanasoma filamu zile zile zilizoitwa za kubabaisha. Kwa sababu gani? Kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa anawaonyesha watu weusi wa miaka ile wakiwa madaktari, wakulima, matapeli, wachungaji, wapenzi. Mapungufu yote yamesamehewa. Kinachowauma sasa ni zile zisizopatikana tena.

Wadau, kwa Micheaux ilichukua zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Sisi kwa Kanumba hata miaka 20 haijafika na mimi nimezunguka wilaya tatu za Dar nikakosa filamu moja ambayo kila nyumba yenye deki ilikuwa nayo!

Kosa ni la nani? Wengi watasema maharamia, na ni kweli. Nakala feki zilikuwa zinafika sokoni mapema kuliko halali. Serikali ikaleta stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013, lakini muda si mrefu CD yenyewe ikaanza kuaga dunia, watu wakahamia kwenye flashi na simu. Posta ya Marekani ilimweka mtengeneza filamu kwenye stempu, sisi tukaweka stempu kwenye kasha, halafu kasha likapotea na filamu yake.

Lakini uharamia peke yake hautoshi kueleza. Kuna jambo ambalo wenyewe wa tasnia wanalijua na hawapendi kulisema hadharani. Ni ule utaratibu wa kuuza masta. Mtengenezaji anamaliza filamu, ana madeni ya waigizaji, ya kamera na ya chakula cha lokesheni. Anakwenda kwa msambazaji, anapewa pesa ya mara moja, anaacha masta, anasaini, anaondoka. Simlaumu msambazaji, yeye ni mfanyabiashara na ndiye aliyekuwa anabeba hatari ya sokoni. Simlaumu hata mtengenezaji, mwenye njaa hachagui bakuli. Ila tujue nini kilichokuwa kinauzwa pale. Sheria yetu ya hakimiliki, namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya filamu kwa miaka 50. Maana yake filamu iliyotoka mwaka 2011 ina mwenyewe mpaka 2061. Kijana wa miaka 27 akisaini kuuza kila kitu, ameuza na uzee wake, pengine na ada ya wajukuu, kwa pesa inayoisha kabla ya sikukuu.

Halafu runinga za kulipia zikaja, zikaanza kutafuta filamu za Kiswahili za kununua. Ikaja YouTube inayolipa. Milango ikafunguka wakati wenye kazi wameshauza funguo, au wamekufa na familia haijui funguo ziko kwa nani.

Na sisi waandishi je? Hapa naomba nijichape mwenyewe kabla sijachapwa. Kwa miaka yote ile kurasa za burudani ziliandika nini? Nani katoka na nani, nani kamnyang'anya nani, nani kanunua gari gani. Hakuna aliyekaa akaandika kwa utulivu kwamba filamu hii iliandikwa na fulani, ilipigwa mtaa fulani, mwezi fulani, kamera alishika fulani, mhariri ni fulani. Ukijaribu leo kupanga orodha ya filamu za Kanumba kwa mwaka, utakuta mwaka mmoja huku na mwaka mwingine kule. Na tangu afariki, kila Aprili ikifika tunaandika kifo, kifo, kifo. Tunarudia usiku ule wa Sinza na kesi ambayo Mahakama Kuu iliitolea hukumu tangu mwaka 2017. Mtu alifanya kazi miaka kumi mfululizo, sisi tumebakiza usiku mmoja!

Najua kuna mdau atasema, "Sasa wewe, zile filamu zilikuwa mbovu, zilikopi Nigeria, za nini kutunza?" Swali zuri. Nami sitadanganya, nyingine zilikuwa mbovu kweli. Mazungumzo marefu sebuleni, gari linaegeshwa dakika mbili nzima, mwanamke anaonekana shetani kila mara. Hayo tuyaseme na tuyakosoe, ukosoaji ndio unaokuza fani. Ila kukosoa kitu unahitaji kuwa nacho. Pia kuna kitu zile filamu zilikamata bila hata kukusudia. Angalieni nyuma ya waigizaji. Ile ni Sinza kabla ya maghorofa. Ile ni barabara ya Morogoro kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016. Simu zile za vibonyezo, nywele zile, makochi yale yenye vitambaa, namna tulivyokuwa tunaombana msamaha na namna tulivyokuwa tunatukanana. Mtoto atakayezaliwa Mbagala mwaka 2050 akitaka kuona bibi yake alivyokuwa anaishi, hatapata hotuba ya waziri ikamwonyesha hayo. Atayapata kwenye Bongo muvi, kama tutakuwa tumeziacha hai.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kanumba tulimpa mazishi makubwa, tukadhani hiyo ndiyo heshima. Heshima ya mtu wa filamu ni filamu zake kuonekana, zikiwa kamili na zikiwa na mwenyewe anayejulikana. Hilo tumelishindwa, na bado muda wa kurekebisha upo, kwa sababu wengi waliozitengeneza wapo hai na wanakumbuka.

Nini kifanyike? Mimi si mtaalamu wa sheria, lakini naona mambo matatu. Kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu inakaguliwa kabla ya kwenda kwa umma. Basi kila inayokaguliwa nakala yake moja safi iwekwe mahali pa kudumu, pengine Maktaba Kuu pale Bibi Titi, pamoja na karatasi inayoonyesha mwenye haki ni nani. Pili, nyie mnaotengeneza tamthilia za YouTube huko Mbezi na Tegeta, msiuze masta. Kodisheni kwa miaka mitatu, mitano, andikeni mwisho wa mkataba, na mkishindwa kuuelewa tafuteni mwanasheria japo wa chuo. Nakala wekeni sehemu mbili tofauti. Tatu, waandishi wenzangu, twende tukawahoji wapiga kamera, wahariri na waandishi wa hadithi wa miaka ile. Hawana ukurasa wa skendo, lakini wao ndio wanajua masta ziko kwenye droo ya nani.

Nimalizie kwa shangazi, maana nisipomalizia mtaniuliza. Jumapili iliyofuata nilirudi Tandika mikono mitupu, nimejiandaa kusimangwa. Nikamweleza nilivyozunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia chumbani, nikasikia anavuta kitu uvunguni. Akatoka na rambo la bluu, yale yaliyopigwa marufuku mwaka 2019, limefungwa fundo. Ndani CD zaidi ya thelathini! Za Kanumba, za Ray, za JB, kava zimepauka. Uncle JJ ilikuwemo. "Nilikuwa nazo siku zote, baba. Deki ndiyo imekufa, nikadhani mjini zipo nzima za kisasa."

Tukaazima deki kwa jirani. Ilikwama mara mbili, nikaifuta kwa kanga ya shangazi, ikaendelea. Wale watoto waliacha simu. Walicheka mahali pale pale nilipokuwa nacheka mimi.

Sehemu ya pili haikuwemo kwenye rambo. Nimeanza kuzinakili zile zilizobaki, moja moja, ili zisimfie shangazi mkononi. Ila naomba nanyi leo jioni mkifika nyumbani, kabla mama hajafanya usafi wa kutupa, mchungulie uvunguni na kwenye makabati. Filamu ya Micheaux ilikutwa Hispania. Yetu huenda iko Mtoni kwa Azizi Ally, imekaliwa na ndoo.

Naomba kuwasilisha. Na mwenye Uncle JJ sehemu ya pili, shangazi anasubiri.